Mwalimu, usinunue injini kabla ya kununua themostati

BARUA

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Uyole hapa Mbeya na kufundisha upande wa Igawilo. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia otomatiki. Niliinunua Dar es Salaam kwa mkopo miaka miwili iliyopita, na nilipohamishiwa huku nikaja nayo. Kule haikuwahi kunisumbua. Huku imenifikisha mahali ambapo nalala nikiiwaza.

Kwanza ni asubuhi. Baridi ya Uyole ya mwezi huu wa saba unaijua. Nikiwasha saa 12, injini inanguruma kwa nguvu kana kwamba nimekanyaga mafuta, na moshi mweupe unatoka nyuma mpaka jirani anachungulia dirishani. Nikiingia barabarani gari halivuti vizuri, na gia ya mwisho haiingii. Mara nyingi nafika shuleni bado haijaingia. Sindano ya joto inalala chini kabisa, hita inapuliza baridi, na wanangu wanafika darasani wamejikunyata. Mafuta nayo yanakwisha haraka. Dar lita moja ilinipeleka kilomita 11 au 12, huku sasa ni 7 au 8.

Pili, gari lile lile lisilopata joto asubuhi linachemsha mlimani. Shule zilipofunguliwa nilimrudisha mwanangu mkubwa Iringa anakosoma. Kwenda tulikwenda salama. Wakati wa kurudi, tulipopita Igurusi na kuanza kupanda kuelekea Inyala, nikanasa nyuma ya malori yanayokwenda Tunduma, mwendo wa kinyonga. Sindano ikapanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke ukafuka kwenye boneti. Tuliomba maji kwa wenyeji mara mbili ndipo tukafika nyumbani.

Fundi wa Dar alipobadilisha pampu ya maji aliitoa themostati, akaniambia ni kifaa cha nchi za barafu, hapa kwetu hakina kazi. Nilimwamini. Fundi wa hapa anasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwisha, nitafute injini mtumba, jumla na kazi ni kama milioni 2. Mwingine anasema niweke rejeta kubwa zaidi. Shemeji yangu anasema niliuze tu.

Nikikata kona kali kuna sauti ya ka-ka-ka gurudumu la mbele kushoto. Na jambo jingine dogo: juzi tulikwenda msibani Kyela, tukiwa tunashuka baada ya Tukuyu kanyagio la breki likawa laini, likazama karibu na sakafu. Tulisimama tukapumzika, likarudi kama kawaida. Nadhani ni mambo ya mteremko.

Likizo fupi ya mwezi wa tisa nataka nikamchukue mwanangu. Je, niende nalo? Niuze? Ninunue injini?

Mwalimu wa Uyole

JIBU

Marahaba, mwalimu. Pole kwa safari ile na pole kwa msiba.

Nitaanza na lile uliloliita jambo dogo, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuua wewe na watoto wako. Kuchemsha kutakuacha kando ya barabara. Breki zilizozama kwenye mteremko wa Kyela hazikuachi kando ya barabara. Tafadhali usishuke tena upande ule, wala usiende Iringa, kabla breki hazijafanyiwa kazi. Kutoka nyumbani kwenda shuleni na kurudi, mwendo mdogo, mpaka fundi azifungue, na afungue wiki hii.

Kilichotokea ni hiki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki mpaka yapite nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 140. Sasa wewe unashuka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela, mteremko wa zaidi ya mita 900, mguu uko kwenye breki kilomita baada ya kilomita. Diski zinapata moto, kalipa zinapata moto, na yale maji yaliyojificha ndani ya mafuta yanageuka mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Mguu wako ukawa unabana mvuke badala ya kusukuma pedi, na kanyagio likazama. Uliposimama vitu vilipoa, mvuke ukarudi kuwa maji, ndiyo maana ukaona limepona. Halijapona. Maji yako humo humo, yanasubiri mteremko mwingine.

Fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, ni ya siku nyingi. Mwambie fundi ayatoe yote, asiongezee tu juu, na asukume mapya kwenye kila gurudumu akianza na lile lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na kanyagio, mpaka yatoke safi bila mapovu. Lita moja ya chupa iliyokuwa haijafunguliwa inatosha. Ukae pale uone ikifunguliwa, maana chupa iliyokaa wazi rafuni miezi sita imeshakunywa hewa ya Mbeya. Baada ya hapo rudia kila miaka miwili. Akiwa ameshafungua magurudumu, apime unene wa pedi, aangalie kama pini za kalipa zinateleza au zimekamata, na afungue ngoma za nyuma kuona kama zimelowa mafuta. Ikiwa mafuta ni mapya na kanyagio bado linazama taratibu gari likiwa limesimama na umelikanyaga kwa nguvu ile ile, mipira ya ndani ya masta silinda imechoka, na hiyo haina mjadala.

Na namna ya kushuka, mwalimu. Gari la otomatiki lina gia za kushukia, lakini madereva wengi wanaijua D peke yake. Kabla hujaanza mteremko, zima kitufe cha O/D, kile kinachoruhusu gia ya mwisho, na ukiona gari bado linakimbia sogeza mkono wa gia kwenye 2. Injini ndiyo itakayolishikilia gari, breki utazigusa mara moja moja, kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha unaziacha zipumue. Kuna watu watakwambia weka N ili uokoe mafuta. Wakatalie. Injini yako ni ya EFI, yaani kompyuta ndiyo inayopuliza mafuta: ukishuka na gia huku mguu haupo kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli kabisa, haipulizi hata tone mpaka mzunguko wa injini ushuke karibu na sailensi, ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. Ukiweka N, lazima ipulize mafuta ili injini isizime. Kwa hiyo N inakunyang'anya breki ya injini na mafuta pia.

Sasa tuje kwenye kuchemsha. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba jibu umeliandika mwenyewe katikati. Gari halipati joto asubuhi, linanguruma, linakula mafuta, gia ya mwisho inagoma, hita ni baridi, kisha linachemsha mlimani. Umezihesabu kama shida tano au sita, na kila fundi akachukua moja akaiuzia dawa yake. Mimi naona shida moja iliyokaa kwenye kifaa kimoja ambacho hakipo.

Themostati si kifaa cha nchi za barafu. Laiti ningeweza kulisema neno hili kwenye kila gereji kuanzia Mwanjelwa mpaka Makambako. Kwenye injini ya 5A inakaa mahali maji yanapoingia kwenye injini, karibu na pampu. Ina milango miwili kwenye mhimili mmoja. Mlango mkubwa unafungua njia ya kutoka rejeta. Nyuma yake kuna kisahani kidogo kinachoziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ya moto ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango mkubwa umefungwa na njia ya mkato iko wazi: maji yanazunguka ndani kwa ndani, yanapata joto haraka. Maji yakifika nyuzi 80 hadi 84, nta iliyo ndani inaanza kuvimba, mlango mkubwa unafunguka, na kadiri unavyofunguka kile kisahani kinaziba njia ya mkato. Kwenye nyuzi 95 mlango uko wazi kabisa na maji yote yanalazimishwa kupita kwenye rejeta.

Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi saa zote. Asubuhi ya Uyole maji yanapita kwenye rejeta yenye baridi kabla injini haijapata joto lolote, kwa hiyo haipati. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, kompyuta inapandisha sailensi na kuongeza mafuta, na itaendelea kuongeza mpaka unafika shuleni kwa sababu joto halifiki. Huo ndio mngurumo wako na huo ndio ulaji wa mafuta. Toyota nyingi za otomatiki za wakati ule huzuia gia ya mwisho isiingie injini ikiwa baridi, kuilinda. Hiyo ndiyo gia inayogoma. Hita nayo inachota joto kwenye maji hayo hayo ambayo hayana joto.

Mlimani mambo yanageuka. Injini inatoa joto jingi, na sehemu ya maji ya moto inapita njia ya mkato na kurudi ndani bila kupoa, kwa sababu kisahani cha kuiziba hakipo. Rejeta inafanya sehemu tu ya kazi yake. Ndiyo maana gari lako linaweza kuganda Uyole na kuchemsha Inyala katika wiki moja. Kitabu cha matengenezo cha Toyota kwa injini hizi kinaonya waziwazi: themostati isiondolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa kuwa upoaji unapungua. Fundi wako wa Dar hakuwa na nia mbaya. Kwenye joto la Dar na barabara tambarare kosa lile halikuonekana, ukalibeba mpaka huku milimani.

Nunua themostati inayofanana na ya asili, yenye kile kisahani cha nyuma. Zipo zisizo nacho, zinaingia pale pale kwenye nafasi yake na hazitakusaidia. Kabla haijafungwa, ipime mwenyewe jikoni. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Maji yakikaribia kuchemka lazima uione ikifunguka, na ikifika mwisho nafasi iwe kama milimita 8. Ukitaka kuona inapoanzia, weka kipimajoto. Na ujue kwamba sufuria yako haitafika nyuzi 100 hata ukichochea namna gani. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharage yako yanachelewa kuiva kuliko ya Dar.

Hilo la nyuzi 94 nataka ulishike, kwa sababu linatupeleka kwenye mfuniko wa rejeta. Watu wanadhani ni kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake kubwa ni kushikilia mgandamizo. Kwenye Corolla nyingi mfuniko umeandikwa 0.9 au 88 kPa, na mgandamizo huo ndio unaofanya maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110, hata huku kwetu. Mfuniko ukiwa umechoka, springi imelegea au mpira umepasuka, maji yako yanachemka kwenye 94. Na feni ya rejeta kwenye magari haya huanza kuzunguka kwenye nyuzi 93 hivi! Yaani maji yanachemka feni ndiyo kwanza inaamka. Dar, usawa wa bahari, mfuniko mbovu bado unakuachia nyuzi kadhaa za kupumulia. Mbeya haukuachii kitu. Nunua mpya pamoja na themostati. Vyote viwili havifiki bei ya kujaza tenki la mafuta, na wewe umeambiwa utoe milioni 2.

Feni ipime hivi. Injini ikiwa baridi na swichi iko on, chomoa soketi ya waya kwenye swichi ya joto la maji ya feni. Kwenye Toyota za rika hili feni inatakiwa kuanza kuzunguka palepale. Isipozunguka, tafuta fyuzi, relei, au mota yenyewe. Ikizunguka hapo lakini haizunguki gari likipata moto, swichi imekufa. Nakusisitizia feni kwa sababu ya malori. Ukipanda kwa kilomita 60 kwa saa upepo unafanya kazi ya feni. Ukipanda nyuma ya lori la Tunduma kwa kilomita 15, rejeta haina msaada mwingine isipokuwa feni, na pale kutoka uwanda wa Usangu mpaka Inyala unapanda mamia ya mita.

Rejeta kubwa zaidi huihitaji. Unahitaji hii uliyonayo iwe safi. Gari limekuwa likiongezewa maji ya bomba na ya mtoni, na hedi ya injini yako ni alumini, bloku ni chuma. Maji matupu yanaleta kutu na magamba, yanaziba vimirija. Mwambie fundi aisukume kwa maji kwa njia ya kinyume na mtiririko wake mpaka yatoke meupe, na mabomba ya mpira yaliyolegea au yaliyovimba ayabadilishe. Baadaye jaza kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji safi, kama haikuja ikiwa imechanganywa tayari. Mfumo mzima unachukua kati ya lita 5 na 6. Kulanti inazuia kutu na inasogeza mbali kiwango cha kuchemka, na kama una ndugu Njombe au Makete unayemtembelea mwezi wa saba, inakuzuilia maji yasigande ndani ya injini. Usiichague kwa kuangalia rangi peke yake, soma imeandikwa nini.

Wakati wa kujaza, hewa lazima itoke. Gari lielekee juu kidogo, Uyole vilima havikosekani, hita iwe imefunguliwa mpaka mwisho wa moto, jaza taratibu, washa, ongeza kadiri yanavyoshuka. Bomba la chini la rejeta likianza kupata joto, themostati imefunguka. Funga mfuniko. Kwenye themostati kuna kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Kikae upande wa juu, maana ndicho kinachopitisha hewa. Mafundi wa haraka hawakiangalii.

Sasa kuhusu silinda hedi. Siwezi kuapa nikiwa mbali kwamba iko nzima. Injini iliyochemsha mpaka mvuke ukatoka inaweza kuwa imeumia. Lakini ushahidi aliokupa fundi wako ni upi? Kama ni moshi mweupe wa asubuhi, haujitoshelezi. Kwenye nyuzi 6 au 7 za baridi kila gari zima la Mbeya linatoa mvuke, kama wewe unavyotoa mdomoni. Kuna injini zimefunguliwa mji huu kwa sababu ya mvuke wa Juni, na zilikuwa nzima. Angalia kama unapotea bomba la moshi likishapata joto. Ukiendelea mchana kutwa, mzito, wenye harufu tamutamu ya kulanti, hapo tuzungumze. Wa buluu ni oili, mweusi ni mafuta yaliyozidi, na sitashangaa wako ukiwa na weusi kidogo kwa sasa.

Fanya vipimo hivi injini ikiwa imelala usiku kucha. Fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka juu, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya moto inayopenya kutoka kwenye silinda. Siku nyingine, ukiwa umefunga mfuniko, washa na ubonyeze bomba la juu la mpira baada ya dakika moja: likiwa gumu kama jiwe na injini bado baridi, hiyo ni gesi. Chomoa kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa oili. Ukikuta kitu kama chai ya maziwa kwenye kijiti, maji yameingia. Ukikuta utando wa rangi hiyo chini ya mfuniko tu na kijiti ni safi, kwako huenda ni unyevu wa injini isiyopata joto, tena tunarudi kwenye themostati. Mwisho, fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yao. Hata hivyo hiyo ni kazi ya gasketi na kupeleka hedi ikalainishwe kwa mashine, haikulazimishi kununua injini nyingine ambayo hujui ilichemshwa mara ngapi kabla haijafika dukani.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Kifungue, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, geuza swichi bila kuwasha, uhesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ikipepesa harakaharaka mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili na moja ni 21, sensa ya oksijeni. Ikiwa 22 itatokea, badilisha sensa hiyo pia, kwani inaweza kuidanganya kompyuta kwa namna ile ile. Themostati ikisharudi, toa plagi uziangalie: kama zimejaa masizi meusi makavu, zisafishe au weka mpya, ndipo upime ulaji wa mafuta upya. Usitarajie nguvu zile zile za Dar, lakini. Hewa ya Mbeya ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake huku. Hilo halina dawa wala si ugonjwa.

Ile ka-ka-ka ni kiungo cha nje cha shafti ya kushoto. Chungulia nyuma ya gurudumu: buti la mpira litakuwa limechanika na grisi imerukia kwenye rimu. Kikianza kulia tayari kimelika, buti jipya peke yake halitakiponya. Kibadilishe ndani ya mwezi, na uangalie buti la kulia ukiwa hapo, kama limeanza kupasuka tu litaokoka kwa bei ndogo.

Ikitokea sindano imepanda tena ukiwa mlimani, zima AC, fungua hita moto na feni ya mwisho hata kama mtaloa jasho, zima O/D, ongeza nafasi kati yako na lori. Isiposhuka, toka barabarani kabisa. Kama hakuna mvuke, acha injini iungurume sailensi dakika chache. Ukiona mvuke, izime. Usiguse mfuniko wa rejeta kwa muda usiopungua dakika 45. Maji yaliyo ndani yamepita kiwango cha kuchemka, ni mgandamizo tu unaoyazuia, na ukifungua yanalipuka usoni. Nimewauguza vijana wawili wa gereji waliofungua kwa haraka. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, hedi inapinda. Weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na kama umezuia tairi kwa jiwe, liondoe unapoondoka. Dereva wa pikipiki wa usiku haoni jiwe.

Kuhusu kuuza, angalia bodi. Kama chini ya milango na kwenye chesisi hakuna kutu iliyotoboa, na taimingi belti haijapita kilomita 100,000 tangu ibadilishwe, unalo gari. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe. Ukiliuza sasa hivi utaliuza kwa bei ya gari linalochemsha, na atakayelinunua ataweka themostati Jumatatu.

Iringa na kurudi ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo usilipime gari kwenye safari hiyo. Breki zikiwa tayari, themostati, mfuniko na kulanti viko ndani, chukua Jumamosi moja, upande mlima kutoka Uyole kuelekea Isyonje, ile barabara ya Tukuyu, nawe uwe na lita 5 za maji kwenye buti la mizigo. Panda mpaka juu kwa mwendo wa polepole makusudi, kama vile una lori mbele yako. Hita ipulize moto, gia ya mwisho iwe imeshaingia kwenye tambarare, sindano ipande mpaka chini kidogo ya nusu na ikae hapo. Simama juu, zima, subiri lipoe, ukague kiwango cha maji kwenye rejeta. Kisha shuka na O/D imezimwa, usikilize kanyagio. Rudia Jumamosi inayofuata. Maji yakiwa hayajapungua mara zote mbili, mwezi wa tisa nenda kamchukue mwanao.